Mgumu kwenye makumbusho ya milima: siku saba Tyrol Kusini

Siku ya kwanza, Jumatatu: Munich hadi Bolzano

Kwa asiyejua lugha ya mlimani kwetu Kilimanjaro, mgumu ni mpagazi. Ni yule anayekupita mbio kwenye njia ya kambi ya Mandara, begi lako likiwa kichwani, ndoo ya vyombo mkononi, na bado ana pumzi ya kukusalimia. Baba yangu alikuwa mgumu. Mimi mwenyewe nilibeba miaka sita kabla sijapata leseni ya kuongoza wageni. Kwa hiyo dada yangu, ambaye ni muuguzi Munich, aliponiambia nije nimtembelee mvua za masika zikiisha na nichague pa kwenda, alidhani nitataja bahari au uwanja wa mpira. Nikamwambia nataka kuona makumbusho ya milima. Akanyamaza.

"Mdogo wangu, si umeshuka mlimani juzi tu?"

Habari zake nilizipata kambi ya Horombo, kwa mgeni mmoja mzee wa Kiitalia. Alinieleza kwamba kwao mpanda milima Reinhold Messner ametengeneza makumbusho sita, mengine ndani ya ngome za kale, mengine juu ya vilele, na kila moja lina jambo lake: barafu, miamba, watu wa milimani. Jina la Messner nilikuwa nalijua. Mwaka 1978 yeye na Konrad Renzler waliupanda Ukuta wa Breach wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, moja kwa moja, wakipita kwenye mchirizi wa barafu uliokuwa unaning'inia hewani. Ukuta huo sisi huwaonyesha wageni kwa kidole tukiwa kambi ya Barranco, kisha tunaendelea na njia yetu kama watu wenye akili timamu.

Treni kutoka Munich inachukua kama saa nne. Ilipopita Innsbruck nilisogea dirishani. Hapo ndipo alipozaliwa Ludwig Purtscheller, aliyefika kileleni Kibo pamoja na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, siku aliyotimiza miaka 40. Majina hayo mawili tuliyakariri tangu shule ya msingi. La Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu nililijua nyumbani, maana kwetu yeye ndiye aliyewaongoza. Na la Mwini Amani, mtu wa Pangani aliyebaki nao kwenye kambi ya juu akiwapikia, nililijua ukubwani. Meyer mwenyewe alimwandika, ila wanaosimulia huwa wanamruka.

Baada ya Brenner, njia ya mlimani mpakani mwa Austria na Italia, mita 1,370, kila kibao cha stesheni kina majina mawili: Bolzano na Bozen, Bressanone na Brixen. Nchi hii, Tyrol Kusini, ilikuwa ya Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza, halafu mkataba wa 1919 ukaipa Italia. Watu wengi bado wanaongea Kijerumani, wengine Kiitaliano, na kwenye mabonde fulani wapo wenye lugha yao, Kiladini. Dada aliagiza chakula kwa Kijerumani, mhudumu akajibu kwa Kiitaliano, wakaelewana. Tulikula matonge ya mkate mkavu yaliyochemshwa, yanaitwa knödel, pamoja na speck. Speck ni kitimoto kilichotiwa chumvi na viungo, kikapitishwa moshini, kisha kikaachwa kikauke kwa upepo wa mlimani. Mtu wa Marangu hawezi kuwa mgeni sana katika nchi kama hii.

Siku ya pili, Jumanne: mtu wa barafuni

Makumbusho ya leo si ya Messner. Ni makumbusho ya akiolojia ya Bolzano, yaliyofunguliwa mwaka 1998 kwa ajili ya mtu mmoja anayeitwa Ötzi. Tarehe 19 Septemba 1991 mume na mke, watalii wa Kijerumani, waliona mwili ukitokeza kwenye barafu, mita 3,210 juu ya bahari. Wakafikiri ni mpandaji aliyepotea miaka ya karibuni. Kumbe amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mpaka ulipopimwa, ikaonekana alilala upande wa Italia kwa mita 92 na kitu, ndiyo maana yuko Bolzano na hayuko Innsbruck.

Yupo kwenye chumba cha baridi, nyuzi 6 chini ya sifuri, na unamchungulia kupitia kidirisha kidogo. Watu walikuwa wamepanga foleni kimya kama wanaoaga maiti. Nami nilipofika nilijikuta nimevua kofia. Ni mfupi, kama mita 1.60, na rangi yake ni ya ngozi iliyokaushwa. Mkono wa kushoto umevuka kifua kwa namna inayoonyesha kwamba hakuna aliyemlaza, alianguka vile. Mwaka 2001 ndipo waligundua kichwa cha mshale begani kwake, upande wa kushoto, kwa nyuma. Hakufa kwa baridi. Aliuawa, na saa chache tu kabla ya hapo alikuwa amekula vizuri: nyama ya mbuzi mwitu, ya kulungu, na ngano ya kale.

Ana michoro 61 mwilini, mistari myeusi mifupi, mingi ikiwa kiunoni, gotini na vifundoni. Wataalamu wanadhani ilikuwa tiba, maana viungo hivyo vilikuwa vimelika. Dada, kwa jicho lake la kiuguzi, akasema, "Hizi ni chale." Nikamwambia wagumu wote wazee ninaowajua wanaumwa hapo hapo.

Ghorofa ya juu kuna sanamu yake, mzee mwenye nywele ndefu na ngozi ya Kizungu iliyoungua jua. Lakini utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko walivyodhani, na kichwa huenda kilikuwa na upara. Dada alicheka hadi mlinzi akatuangalia.

Ila kilichonishika miguu ni mali zake: shoka la shaba lenye mpini wake mzima, kofia ya ngozi ya dubu, viatu vilivyojazwa majani makavu kuzuia baridi, na kikopo cha gome la mti ambamo alibeba makaa ya moto yaliyofungwa kwenye majani mabichi. Pembeni ya hivyo, fimbo iliyopindwa kama herufi U na vibao viwili. Maelezo yanasema huenda ni kiunzi cha kubebea mzigo mgongoni. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye kidirisha. Huyu bwana alikuwa peke yake kwenye mita 3,210, karibu mwinuko wa kati ya Mandara na Horombo, na alibeba vyake mwenyewe.

Siku ya tatu, Jumatano: Firmian

Ngome ya Sigmundskron iko juu ya kilima cha mwamba mwekundu nje ya Bolzano, na chini yake mto Adige unapita katikati ya mashamba ya tufaha. Imetajwa kwenye maandishi tangu mwaka 945. Mwaka 1957 watu zaidi ya 30,000 walikusanyika hapa kudai mamlaka ya kujitawala ndani ya Italia, kwa hiyo kwa wenyeji hapa si mahali pa utalii tu. Messner aliifungua kama makumbusho ya Firmian mwaka 2006, nayo ndiyo makao makuu ya yote sita.

Sikuwa nimetegemea kutembea hivi. Unapanda ngazi za chuma ndani ya minara, unatoka juani, unapita juu ya ukuta, unaingia mnara mwingine. Chuma na kioo vimewekwa bila kugusa sana mawe ya kale, mtu akitaka kuviondoa kesho ataviondoa. Kuna sanamu za Buddha, michoro ya Alps, mashoka ya barafu ya babu zao, bendera za sala za Himalaya zikipigwa na upepo. Vitu ni vingi mno. Baada ya mnara wa tatu macho yanachoka, na mimi ni mtu wa kupenda maelezo machache yaliyonyooka.

Historia yake Messner inatosha kujaza ngome bila msaada. Alizaliwa mwaka 1944 Brixen. Mwaka 1970 alifika kilele cha Nanga Parbat na mdogo wake Günther, na katika kushuka Günther akafa. Mwenyewe alipoteza vidole saba vya miguu. Mwaka 1978 alipanda Everest na Peter Habeler bila hewa ya chupa, mwaka 1980 akarudi peke yake, na kufikia 1986 alikuwa amemaliza vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000, mtu wa kwanza duniani. Habari ya Günther ilinigusa kuliko hizo nyingine. Kila mtu wa Marangu ana ndugu au jirani aliyeshushwa kwa machela.

Wapagazi? Wamo, kama walivyomo kwenye picha zote za milima: safu ya watu wadogo kwenye theluji, migongo imeinama, mbele yao amesimama mtu mmoja mwenye jina.

Siku ya nne, Alhamisi: Sulden

Treni hadi Merano, treni nyingine kupanda bonde la Vinschgau, kisha basi linalopinda na kupinda hadi dada akafumba macho. Kijiji cha Sulden kiko mita 1,900 hivi, sawasawa na geti la Marangu. Harufu si ile. Kwetu getini kuna unyevu, migomba imekwisha na msitu umeanza. Hapa ni misonobari na samadi ya ng'ombe, na juu yake kuta nyeupe. Mkubwa wao ni Ortler, mita 3,905.

Makumbusho ya Ortles yamefukiwa ardhini, ukipita barabarani huyaoni. Yalifunguliwa mwaka 2004, na habari yake ni barafu: barafu ya milima, ya ncha za dunia, maporomoko ya theluji, na vifaa ambavyo watu wamevitumia kutembea juu yake kwa miaka 200. Ndani kuna giza na ubaridi. Halafu kwenye dari kuna ufa, na kupitia ufa huo unaona kilele cha Ortler chenyewe. Nimeona majengo mengi ya kifahari ya kupokelea wageni, lakini mbuni aliyewaza ufa ule ninampa mkono.

Kisa cha Ortler ndicho nilichokuja kukitafuta bila kujua. Mwaka 1804 mwana wa mfalme wa Austria, Johann, alitaka mlima ule upandwe, akamtuma msomi aitwaye Gebhard aje asimamie. Wakajaribu majira yote ya kiangazi, wakashindwa. Mwishoni mwa Septemba akajitokeza mwindaji wa mbuzi wa milimani kutoka bonde la Passeier, Josef Pichler, watu walimwita Josele. Tarehe 27 Septemba alifika juu na wenzake wawili, Leitner na Klausner. Hawakuwa na kamba wala kucha za chuma za viatu kama za leo. Yule msomi alibaki chini.

Sasa angalia. Jina la mwindaji limebaki. Limeandikwa, linatamkwa, watoto wa shule wanalijua. Miaka 85 baadaye mtu wa kwetu alifanya kazi kama ile ile, na tukakaa karne nzima kabla ya kumpa Mzee Lauwo heshima yake, mwaka 1989, akiwa tayari mkongwe. Hadi leo wapo wanaobishana kama ni yeye kweli aliyekuwa na Meyer, kwa sababu hakuna aliyejali kuandika wakati huo. Nilimweleza dada haya kwa sauti kubwa kidogo. Akaniambia nishushe pumzi.

Mzigo pia upo Ortler. Katika Vita Kuu ya Kwanza wanajeshi wa Austria walipandisha mizinga hadi karibu na kilele, kwenye barafu. Mizinga! Nimewahi kubeba mtungi wa gesi hadi Kibo nikalalamika wiki nzima.

Jioni tulikaa nje ya nyumba ya wageni tukitazama barafu ikigeuka rangi. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinyoosha mkono kuonyesha ilipokuwa inaishia utotoni mwake. Nami nikamwonyesha kwenye simu picha za Kibo. Meyer alilazimika kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka ili afike ukingoni. Leo wageni wangu wanapita kwenye changarawe. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Yule mama alizitazama picha, akaingia ndani, akarudi na vikombe vitatu vya kahawa. Hakuzitoza.

Siku ya tano, Ijumaa: Juval, kwa njia ya maji

Leo nimefurahi kuliko siku zote, na ngome haikuhusika sana.

Vinschgau ni bonde kavu. Milima inalizuia mvua pande zote, linapata kama milimita 500 tu kwa mwaka, na mteremko unaopigwa na jua una miiba na nyasi za kahawia kama upande wa Mwanga. Lakini chini ni tufaha mwanzo mwisho. Jibu ni mifereji. Wanaiita Waale. Imechongwa kwenye mteremko tangu enzi za kale, inachukua maji ya barafu mbali juu na kuyaleta kwa upole shambani, na kando ya kila mfereji kuna njia ya mtunzaji wake, Waaler. Tuliianza njia ya mfereji wa Schnals kijijini Tschars, tukaifuata kivulini hadi Juval.

Wachaga wenzangu mnajua ninachotaka kusema. Mfongo! Maji yanatoka korongoni, yanafuata ubavu wa mlima bila pampu, kuna mzee wa mfereji, kuna zamu, kuna ugomvi wa zamu, kuna siku ya kwenda wote kusafisha. Babu alikuwa anaamka usiku wa manane kufungua maji ya kihamba chake. Hapa wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, au mimi sikukikuta: gurudumu dogo la mbao linalozungushwa na maji, na kila likizunguka nyundo inagonga. Ko, ko, ko. Waaler akiwa amelala anaisikia. Ikinyamaza, anajua mfereji umeziba au mtu ameiba maji, anaamka. Dada alirekodi sauti hiyo kwa simu ili Baba aisikie.

Ngome ya Juval yenyewe iko juu ya mlango wa bonde la Schnals. Messner aliinunua mwaka 1983, akaifanya makumbusho mwaka 1995. Habari yake ni milima mitakatifu, na ina mkusanyiko wa vinyago vya mabara matano. Sehemu iliyobomoka imefunikwa paa la kioo. Unapitishwa kwa kikundi na mwongozaji. Wa kwetu alikuwa kijana mwenye haraka, na kwa kuwa ni kazi yangu sikuweza kujizuia kumpima. Hakuuliza mtu hata mmoja ametoka wapi. Hilo ndilo swali la kwanza, ndugu yangu, hata kama una vikundi vitano kwa siku.

Siku ya sita, Jumamosi: Ripa

Mvua kuanzia asubuhi. Treni mbili hadi Bruneck, upande wa mashariki. Ngome ya hapo ilijengwa na askofu Bruno wa Brixen karne ya 13, na tangu 2011 ni makumbusho ya Ripa. Kwa Kitibeti, ri ni mlima na pa ni watu. Watu wa milimani wa Asia, Afrika, Amerika ya Kusini na Ulaya wamewekwa pamoja: nyumba zao, zana, sala, sherehe.

Wazo zuri. Kitu kimoja kilinisumbua, nacho ni kukuta jembe na kapu kwenye kioo wakati nyumbani bado tunavitumia. Bibi mmoja mtalii alikuwa ananong'ona mbele ya kapu la mgongoni kana kwamba yuko kanisani. Kapu kama lile mama alilitumia Machi mwaka huu kuchumia majani ya ng'ombe. Lakini chumba cha jirani kilikuwa na vitu vya wakulima wa Tyrol, navyo viko kwenye kioo vile vile, kwa hiyo sikununa sana.

Tulirudi mapema. Nimefua soksi.

Siku ya saba, Jumapili: Corones

Kronplatz ni mlima wa mviringo kama kichwa cha mzee, mita 2,275, yaani chini ya Mandara. Hakuna anayeupanda. Unakaa kwenye gari la waya, mlango unajifunga, na baada ya dakika chache umefika. Kwenye kibanda chetu kulikuwa na mtoto mchanga, mbwa, na bibi aliyevaa viatu vya kisigino. Mwaka 2019 serikali yetu ilipotoa wazo la gari la waya Kilimanjaro, nilikuwa miongoni mwa waliopinga, maana wagumu wangekula wapi? Bado napinga. Lakini yule bibi aliposhuka na kuiona milima ya Dolomiti yote mbele yake aliweka mkono mdomoni, na hilo nimeliona, siwezi kusema sikuliona.

Juu kuna kengele ya amani ya tani 18, makumbusho ya picha za milima yaitwayo Lumen, na Corones, ambayo Messner aliyafungua mwaka 2015. Yalibuniwa na Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, aliyefariki mwaka uliofuata. Karibu yote yako ndani ya mlima. Unaingia kwenye mdomo wa zege, unashuka na kushuka kwenye kuta zilizopinda zisizo na kona, kisha ghafla dirisha kubwa, na nje yake ni mlima Peitlerkofel. Dirisha lingine linatazama Heiligkreuzkofel, ukuta ambao Messner na Günther waliupanda mwaka 1968. Baraza limeelekea magharibi, mpaka Ortler ya juzi. Habari yake ni upandaji wa zamani wa kuta kubwa: kamba za katani, misumari ya chuma, viatu vilivyochakaa. Vyote ni vya waliotangulia mbele. Nilisimama barazani nikavuta hewa. Mita 2,275, kifua hakikushtuka hata kidogo.

Nikampigia Baba nikiwa hapo hapo. Dada alitaka simu iwe ya picha ili ayaone majabali. Akayatazama kwa heshima. Tukamsikilizisha nyundo ya mfereji, akacheka, akataka irudiwe. Nikamweleza habari za Messner na vilele 14, akaitikia "ee, ee" kama anayesikiliza taarifa ya habari. Nilipofika kwa Ötzi na kile kiunzi cha mgongoni, akanikatiza.

"Huyo wa kwenye barafu. Mzigo wake ulikuwa kilo ngapi?"

Nikamwambia sikuona pameandikwa.

"Hawakupima?"

"Sijui, Baba."

"Kesho si mnapita Bolzano?"

Treni ya Munich inaondoka kesho mchana. Dada ameshaangalia saa za kufungua, na amenikumbusha kwamba Jumatatu wanafunga.